Usifunge Kiladislao

Mpendwa mshauri, Ña Crescencia,

Naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanigombeza, maana nakusoma kila Jumapili na mdomo wako naujua. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na tisa, msimamizi wa ng'ombe kwenye shamba moja huku nyanda za Chaco, kilomita sabini na kitu kutoka barabara ya lami, na gari likizama kwenye tope upande huu wote mtu anayeitwa ni mimi. Nimevuta malori ya ng'ombe, nimevuta gari la padri, nimevuta basi lililolala ubavu na abiria wamekaa juu yake wanakula mikate ya chipa, na sijawahi kuomba malipo zaidi ya kukaribishwa kinywaji cha tereré kivulini. Sisemi haya kwa kujisifu, nasema ili ujue dhambi yangu ilianzia wapi.

Mdogo wangu Ladislao alikufa Februari ya mwaka juzi. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, na pikapu yake ikazama kilomita ya arobaini na tatu, saa tano asubuhi, mimi nikaenda na yangu nikiwa na mkanda mpya, ile mikanda inayonyumbuka, unaijua, maana sisi tumekua na minyororo, na kwa mnyororo unavuta taratibu kwa subira, lakini mkanda huu mtu anakimbia nao, unanyooka kwanza, halafu unajivuta kwa nguvu na gari linachomoka kama jino bovu, na tangu niununue nilijiona sina mpinzani. Nikasogeza pikapu yangu mbele ya yake, nikashuka, nikauvalisha mkanda kwenye ule mpira wa chuma wa nyuma tunaoshikizia tela la farasi, kwa sababu hapo ndipo tulipokuwa tunafunga mnyororo tangu enzi za baba. Upande wake alikuwa ameshafunga mwenyewe kwenye ndoano ya mbele, vizuri kabisa.

Akatoa kichwa dirishani. "Kaka, siyo hapo. Huo mpira ni wa kubeba tela, kwa huu mkanda utakatika. Funga kwenye ndoano ya chesisi."

Ndoano yangu ilikuwa imefukiwa na tope, Ña Crescencia, ningetakiwa kulala chini na kuifukua kwa vidole, na shati langu lilikuwa safi kwa sababu mchana ule tulikuwa tunakwenda wote kwenye ubatizo. Nikamwambia, "Dogo, mimi navuta magari tangu wewe unanyonya. Shika usukani."

Akacheka, akasema, "Haya, mkubwa ni mkubwa," akarudisha kichwa ndani na kupandisha kioo tope lisimrukie.

Mara ya kwanza gari lake lilitikisika tu. Nikarudi nyuma, nikachukua mwendo zaidi. Mara ya pili nikasikia mlio mmoja na pikapu yangu ikaruka mbele, nikadhani mkanda umekatika, nikashuka huku nimeshaanza kutafuta neno la kumtania. Kumbe mpira umekatika shingoni na mkanda umeurusha nyuma, ukapita kwenye kioo chake cha mbele. Zaidi ya hapo sitaandika, ila alikuwa bado ameshika usukani kama nilivyomwamuru.

Mtu wa kwanza kufika alikuwa jirani yetu Wendelin, na trekta lake. Akatazama, akavua kofia, akauliza, "Nani kafunga hapa?" Mimi nikasema, "Mwenyewe." Naapa kwa mama yangu nilikuwa nataka kusema mimi mwenyewe, neno la kwanza halikutoka, likatoka la pili peke yake, na Wendelin akatikisa kichwa akasema, "Maskini Ladislao, haraka haraka zake." Nikanyamaza. Kufika jioni habari ilikuwa imetangulia, na katika zile siku tisa za sala watu waliisimulia mbele ya mishumaa mpaka ikakomaa, na siku ya tisa shemeji yangu Benita, mkewe, akasema mbele ya wote kwamba mumewe alikuwa mtu mwema lakini hakuwahi kusikiliza la mtu. Polisi nao waliandika hivyo hivyo, na mimi nikatia sahihi.

Sasa ni hivi. Benita amepata kazi ya kuuguza kwenye zahanati ya ndani kabisa, amenunua pikapu iliyotumika, na safari yake ni nusu lami, nusu barabara hiyo hiyo ya udongo, atapita kwenye msalaba wa mumewe pale alipofia kila Jumatatu na kila Ijumaa. Amekuja kwangu, akakaa, akanywa tereré yangu, akasema, "Shemeji, nichagulie matairi na vifaa vyote vya kuvutia. Sitaki kufanya kosa la Ladislao. Wewe ndiye ninayekuamini." Na binti yao Nidia, ana miaka kumi na saba, akaongeza bila hata kunitazama, "Baba alijiua kwa uzembe, tusizunguke." Mama yake hakumkanya.

Nikaenda kwa fundi wa matairi pale njia panda, nimesimama naangalia meno ya tairi, hili lina meno makubwa ya tope, hili lina meno ya kila njia, sijui nichukue lipi, na nje kijana wa gereji anamfungia mteja mkanda wa kuvutia gari bovu, mteja akamwambia, "Angalia wewe, usinifungie Kiladislao." Wakacheka wote. Nikauliza, hiyo ni nini? Fundi akanijibu kwa upole kabisa, hakujua mimi ni nani, akasema huku wote husema hivyo sasa, kufunga Kiladislao ni kufunga mkanda kwenye mpira. Nikatoka bila kununua kitu.

Njia nzima nilijiambia, angalau jina lake linaokoa watu. Nikajiambia pia, nitamnunulia Benita vitu bora kuliko vyote vilivyopo, nitavifunga kwa mikono yangu, nitamfundisha, na hicho kiwe ndicho kitubio changu mpaka nife. Lakini silali, na mvua zinaanza Oktoba. Nimchagulie ninyamaze, au niseme na kupoteza familia yote iliyobaki? Na kama ni kunyamaza, basi nisaidie hata hilo la matairi, maana mkono wangu umeogopa kuchagua.

Fulgencio Ovelar


MAJIBU

Fulgencio, pole. Naanza hapo kwa sababu sidhani kuna mtu aliyekupa pole ya kweli tangu siku ile. Walikupa pole ya mtu aliyefiwa, na wewe una msiba wa pili ambao hujaruhusu mtu aujue. Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya kwanza nililia.

Sasa nisikilize. Kufunga kwenye mpira ni kosa, tena kosa la nchi nzima hii yetu. Mimi nimeendesha lori la maziwa miaka kumi na minane kabla ya kushika kalamu, na huo mpira nimeufungia mnyororo mara nyingi kuliko nilivyokwenda kanisani. Tulipona kwa sababu mnyororo ulituvuta polepole. Mkanda ulipokuja hakuna aliyetukalisha chini kutuambia kwamba tabia ya zamani haiendi na kamba mpya. Kwa hilo, ungekuja kwangu siku ile na tope lako, ningekukumbatia.

Ila usiniletee mimi hilo neno lako "mwenyewe". Mtu mzima na mvi zako, unajificha nyuma ya neno moja kama mtoto nyuma ya pazia, miguu yote iko nje. Halikutoka la kwanza, sawa, tuseme ni mshtuko. Siku ya pili je? Siku ya tisa, mjane anamlaumu marehemu mbele ya mishumaa, na wewe umekaa pale na rozari mkononi? Mbele ya polisi, kalamu uliishika na nani? Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yako umeirefusha miaka miwili, na unataka nikuonyeshe namna ya kuiongeza.

Na hilo la kwamba jina lake linaokoa watu, lifute kabisa. Siku ile kwenye tope mlikuwa wawili, na aliyejua alikuwa mmoja. Ladislao alijua, alisema, na alisema kwa adabu. Ukamnyamazisha kwa sababu ya umri na shati. Leo kila gereji inamtaja kuwa mfano wa mjinga, binti yake anamwonea haya baba ambaye alikuwa sahihi, na mke wake anajitahidi asirudie kosa ambalo mumewe hakulifanya. Umemzika mara mbili, Fulgencio. Ya kwanza ilikuwa ajali.

Kwa hiyo utasema. Nenda kwa Benita mchana, siku ambayo hana kazi. Usimkute sokoni, usimtume padri, usipige simu. Nidia awepo, maana akisikia kutoka kwa mtu wa pili atasikia nusu. Sema hivi na usipambe: "Mimi ndiye niliyefunga kwenye mpira. Ladislao alinikataza. Nikamwambia ashike usukani." Basi. Usianze kulia kabla hujamaliza, kwa sababu ukilia wao watalazimika kukubembeleza, na siku hiyo si yako. Usiombe msamaha siku hiyo hiyo pia. Msamaha ni wao, watautoa wakiwa nao. Wakikuuliza swali, jibu. Wakikufukuza, chukua kofia yako.

Kisha nenda polisi ukaandikishe upya, na utafute wakili kabla ya kwenda, mimi si mwanasheria. Kisha kwa yule fundi wa njia panda. Atakapotaja tena neno lile, mwambie aliyefunga alikuwa Fulgencio Ovelar, na Ladislao alimkataza. Watu watahitaji jina la kuonyana, hilo haliepukiki; liwe la mwenye kosa.

Matairi nakujibu, kwa sababu mvua haitasubiri moyo wako upone, na mama huyo atapita barabara hiyo wewe uwe umesema au hujasema. Safari yake ni nusu lami, nusu udongo. Meno makubwa ya tope yatamvumia kwenye lami na kumtelezesha ikinyesha. Achukue ya kila njia, yenye meno ya kina na nafasi pana za kutema udongo. Yawe membamba. Huku wanapenda mapana kwa sura, lakini tairi jembamba linakata tope na kufika kwenye udongo mgumu. Ubavu uwe mnene, maana miiba yetu haitoboi chini, inatoboa ubavuni. Spea iwe ya saizi ile ile, si lile kuukuu lililokuja na gari. Awe na pampu ndogo, apunguze upepo akiingia kwenye tope na aujaze akirudi kwenye lami.

Vya kuvutia: ndoano mbili za chuma kizito, mbele na nyuma, zilizofungwa kwa bolti kwenye chesisi yenyewe, kazi ifanywe na fundi wa kuchomelea anayejulikana na ikaguliwe mbele ya macho ya Benita. Mkanda ulioandikwa uzito unaobeba, mara mbili hadi tatu ya uzito wa gari likiwa na mzigo. Usio na maandishi asiuguse. Vifungio viwe vya kamba iliyosukwa, kwa sababu chuma kikikatika kinaruka. Gunia lililolowa juu ya mkanda, katikati, kila mara, ili ukikatika usiruke. Watu wote wakae mbali. Na beleshi, Fulgencio. Achimbe kwanza mbele ya magurudumu, aweke mbao, ndipo avutwe, tena taratibu. Ule mpira wa tela aung'oe akiwa hana tela. Mpira usipokuwepo, hakuna atakayefunga mkanda hapo.

Benita anaweza asitake mkono wako kwenye gari lake. Ni haki yake. Ndiyo maana nimeandika yote haya kwa kirefu, ili ampe karatasi fundi yeyote amtakaye.

Jambo la mwisho. Jibu hili nakutumia kwa bahasha, kwa dereva wa basi, mkononi mwako. Gazetini sitaliweka, wala barua yako. Nakala yake na barua yako zikae kwenye mtoto wa meza yangu mpaka Benita mwenyewe anipigie, kwa sauti yake, aniambie ameshasikia kila kitu, na aamue yeye kama jina la mumewe liandikwe au lifichwe. Watu wakija kuisoma Jumapili moja, jina la Ladislao likiwa limeandikwa lote, wajue ulisema.

Crescencia