Gazeti Limebadilika, Mama Amemlilia Aliye Hai

Bi. Tima mpendwa,

Nakuandikia nikiwa sina hakika kama shida yangu ni ya safu yako au ni ya meza ya mhariri wako, maana ilianza siku gazeti hili lilipobadilishwa sura, na huenda ukaiona ndogo, nami pia huiona ndogo asubuhi ninapofundisha, lakini jioni hunirudia ikiwa kubwa, kwa hiyo naomba unisome hadi mwisho kabla ya kunihukumu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari karibu na Emali, nimesoma hadi chuo kikuu, na kila Jumamosi humpelekea mama yangu gazeti nyumbani Kalamba. Mama hajui kusoma. Hata hivyo ni msomaji wenu wa miaka mingi kuliko mimi, kwa sababu alilijua gazeti kama anavyolijua shamba lake: alijua kila kitu kimepandwa wapi. Picha kubwa ya mbele ilikuwa ya wakubwa, hiyo haikumhusu. Katikati kulikuwa na bei za sokoni na mchoro wa ng'ombe. Na ukurasa wa nyuma ulikuwa wa waliofariki, nyuso zimepangwa ndani ya fremu nyeusi. Huo ndio aliousoma. Aliketi kwenye kigoda nje ya jiko, akapitisha kidole uso kwa uso, midomo ikicheza bila sauti, na alipofika wa mwisho alilikunja gazeti akasema, "Mutie hayuko. Basi yuko hai."

Mutie ni kaka yangu mkubwa. Alipanda gari la moshi pale Emali kwenda Mombasa kutafuta kazi nilipokuwa bado shule ya msingi, akaandika mara chache, kisha akanyamaza. Tangu hapo mama alikuwa akilikunja gazeti na kuliweka chini ya mto, na juma zima akilala vizuri. Nimewahi kumkuta amejilaza mchana, mkono umeshika pembe ya karatasi, uso umelegea kama wa mtoto aliyeshiba, nikahisi kwamba boma letu lote linaelea juu ya karatasi ile, mbuzi na mbaazi na kilima cha ng'ambo, nami nimo, na hakuna hata mmoja wetu anayethubutu kujigeuza.

Sasa mmebadilisha. Herufi zimekuwa ndogo, picha zimekuwa nyingi, wafu wamehamishiwa ndani karibu na matangazo ya magodoro, ukurasa wa nyuma mmeupa michezo, na sijui ni nani aliyewashauri muwaweke wanamichezo ndani ya mistari mizito myeusi. Toleo la kwanza la sura hiyo nilimwachia mama mlangoni, nikakimbilia mkutano wa shule bila kumweleza lolote. Akamwona, katikati ya ukurasa wa nyuma, Musembi, mwana wa jirani yetu Kalunde, kijana aliyekuwa ameshinda mbio za wilaya.

Mama aliangua kilio. Akawaita akina mama wenzake wa kanisa, wakafunga vitambaa vyeupe kichwani, wakabeba sukari, majani ya chai na kuni, wakateremka kwa Kalunde wakiimba nyimbo za maziko. Kalunde alikuwa akitwanga mahindi.

"Jikaze, dada," mama akamwambia huku akimkumbatia. "Sisi sote njia yetu ni moja."

"Nijikaze kwa nini, Syokau? Kumetokea nini?"

"Musembi wetu."

"Musembi yupi? Huyu anayenimalizia chakula humo ndani?"

Naye Musembi akatokea mlangoni na sahani mkononi. "Mwaitu," akamwambia mama, kama tunavyowaita mama zetu huku, "nimekufa lini? Basi ningojeni nimalize kula."

Walicheka hadi wakaketi chini. Walichemsha chai kwa sukari ile ile ya msiba, wakainywa pamoja na marehemu, na hadi leo sokoni mama huulizwa, "Mama Mutie, wiki hii umetuzikia nani?" Yeye pia hucheka. Lakini hajaligusa gazeti tena. Nikimpelekea, hulitazama kwa mbali kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Nilimwonyesha wafu walikohamia, akasema, "Waliowahamisha leo watawahamisha kesho. Nitajuaje?" Chini ya mto hakuna kitu siku hizi, na usingizi umemtoka. Juzi aliniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza jembe liko wapi, "Na Mutie, kama amekufa, wamemweka ukurasa gani?"

Nimefikiria kumfundisha kusoma, lakini nadhani, ingawa sina hakika, kwamba si herufi anazozikosa. Nimefikiria kumwambia jambo nililolijua tangu nikiwa chuoni: kwamba picha zile hupelekwa na jamaa wa marehemu, kwamba mtu aliyefia ugenini bila jamaa hawezi kuonekana katika ukurasa wowote, na kwamba kwa hiyo ukurasa ule haukuwahi kumwambia chochote. Kisha najiuliza kama ukweli huo nitampa kwa faida yake au kwa faida yangu, nanyamaza. Au nimsihi mhariri awarudishe wafu mahali pao? Nisaidie, maana kila ninapofikia uamuzi naona nusu yake ni kosa.

Mwalimu, Emali

*

Mwalimu,

Mhariri ameisoma barua yako. Alipofika kwa Musembi na sahani yake alicheka. Akaendelea kusoma, akaacha kucheka. Mistari myeusi itaondolewa kwenye michezo. Wafu hawatarudi ukurasa wa nyuma: nimeliomba hilo na nimekataliwa. Pole sana, wewe na mama yako. Tulipanga upya nyumba ya watu bila kuwauliza wanaoishi ndani yake.

Sasa tuje kwako. Nimeipitia barua yako yote nikitafuta sentensi moja tu, sikuiona. Umeandika kuhusu herufi, fremu na magodoro. Hukuandika popote kwamba umewahi kumtafuta kaka yako. Gari la moshi lililomchukua linapita karibu na darasa lako, na miaka yote hii umemwachia mama asiyejua kusoma kazi ya kumtafuta Mutie kwa kidole. Ulijua kwamba ukurasa ule hausemi kitu, na bado ni wewe uliyeupeleka kila Jumamosi. Nadhani nawe ulikuwa unaulalia. Pengine nakosea, barua moja haitoshi kumjua mtu, nami nimewahi kumsoma vibaya mtu niliyeishi naye nyumba moja. Nikiwa nimekosea, nisamehe, lakini bado ufanye ninayokuambia.

Kusoma mfundishe akitaka mwenyewe, si kwa sababu ya Mutie. Ukweli mwambie, ila usiende mikono mitupu. Siku utakayomwambia kwamba ukurasa haujui, mwambie pia kwamba wewe unakwenda kuuliza. Likizo ya Agosti ikifika, panda gari la moshi lile lile. Anzia kwenye anwani iliyokuwa katika barua yake ya mwisho. Ingia katika kanisa wanakosali Wakamba wa huko, simama baada ya ibada, taja jina lake na la baba yake. Uliza bandarini. Uliza hospitalini pia, wala usiliogope swali hilo. Mama yako ameshaliuliza kabla yako. Jibu utakalolipata huenda likawa zito, nami siwezi kukuahidi vinginevyo. Lakini kumwacha mama yako akeshe bila jibu lolote si huruma.

Na gazeti hili litatoa picha ya Mutie. Mhariri amekubali. Hapo sasa nisikilize vizuri, kwa kuwa kosa lile lile linakungoja: picha hiyo isimfikie mama yako kabla hujafika wewe. Mwulize kwanza kama anataka mwanawe atokee gazetini. Akikubali, achague picha mwenyewe, na achague ukurasa pia. Akisema wa nyuma, nitagombana na watu wa michezo. Toleo likitoka, usimwachie mlangoni ukimbilie mkutano. Keti chini kando ya kigoda chake. Kishike kidole chake, ukiweke juu ya uso wa kaka yako, umwambie, "Mwaitu, hapa hatumlilii. Hapa tunamwita."

Bi. Tima