Sajenti Khamis Yuko Lindoni

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Uji amekunywa. Nusu bakuli. Nilimbembeleza mara tatu, akawa anatazama ukuta. Nikasimama wima, nikapaza sauti: "Sajenti Khamis! Kunywa uji!" Akanywa. Ndivyo tunavyoishi sasa.

Majina ya watoto yamemtoka. Kikakwa, lugha ya mama yake, kimemtoka pia. Kilichobaki ni Kiswahili cha kambi. Jana kaniuliza mimi ni mke wa nani. Nikamwambia, wa mwanamume mmoja mkaidi wa hapa Kuluba. Akasema, "Pole, mama."

Nikacheka. Halafu nikaenda jikoni kulia. Kule kuna moshi, hakuna anayeuliza.

Shule sikukanyaga. Herufi alinifundisha yeye, kwa mkaa, kwenye ukuta wa nyumba ya kambi, maana alichoka kusikia kwamba barua zake nasomewa na wake za watu. Naandika vibaya. Haidhuru. Wa kusoma ni mimi.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Kapotea. Nilikuwa nasaga simsim tu, nikageuka, kiti kitupu. Kijana wa bodaboda kamrudisha saa saba mchana. Kamkuta anakata hatua kuelekea mpaka wa Kaya, miguu mitupu, kushoto kulia, malori yanampigia honi. Anasema vijana wake wa kikosi wamebaki ng'ambo na anawafuata.

Nyayo zake zimechubuka. Nimezikanda kwa maji ya chumvi. Hakulia. Mimi ndiye nilikuwa nalia.

Jirani yangu Ester hana siri. Jioni binti yangu Mariamu alishajua, kapiga simu kutoka Arua. Ana nyumba huko, anashona nguo za watu. Anasema nimlete baba yake, kuna chumba cha nyuma, ameshanunua kufuli, atamfungia kwa nje. Kwa usalama wake.

Nimesema hapana. Serikali ya jeshi lake ilipoanguka, walioshinda walimfungia katika stoo na wenzake miezi kumi. Wengine hawakutoka. Tangu atoke, hajalala ndani ya chumba kilichofungwa mlango. Nyumba yetu ina pazia tu mlangoni. Mwizi angeinua kitambaa tu akaingia. Nikimtia kwenye kufuli atakufa, tena atakufa akidhani ni wale wale wamerudi.

"Basi akipotea tena, Mama?"

"Akipotea tena nitamleta."

"Ni neno lako hilo."

Ni neno langu. Naogopa.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Nimepata dawa! Karanga zinamezwa na magugu, lazima niende shamba, na yeye siwezi kumwacha. Nikamsimamisha mbele ya ghala la mtama. "Sajenti Khamis, unalinda ghala hili. Neno la siri ni maboga."

Mungu wangu, uso ule. Mgongo ulinyooka kama miaka thelathini imeanguka chini. Akachukua mpini wa jembe, akauweka begani. Nimelima mpaka mchana. Kurudi:

"Simama! Nani huyo?"

"Mimi."

"Iko neno?"

"Maboga."

"Pita."

Nikaupokea mpini, nikasema, "Napokea lindo." Akaripoti kwamba kuku wawili walijaribu kuvuka na wamerudishwa. Kisha akala. Akala ugali wote! Kalala kama mtoto.

Mariamu akae na kufuli lake.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Lindo tena, neno la siri kuku. Yeye akiwa kazini, mimi nimetoa medali zake kwenye kopo la maziwa, nikazisugua kwa majivu na limau. Ziko sita. Hapa wilayani sijui mwingine mwenye sita. Majeshi mawili tofauti, na kati yake miaka ya ukimbizi Kongo tukila majani.

Ya kwanza alibeba majeruhi wawili kuvuka mto, mmoja kwanza, akarudi kumchukua wa pili, risasi zinaruka. Ya tatu walimpa kwa mwenendo mwema. Hiyo walikosea, ilikuwa yangu. Ya tano ni ya jeshi jipya, tuliporudi kutoka Kongo baada ya amani akawafundisha vijana wa watu waliokuwa adui zake. Hakuwapiga hata mmoja. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Wana mama."

Lakini kubwa ni ya pili, yenye utepe mwekundu. Alikuwa bado kuruta. Walimweka kulinda stoo ya mafuta, adui akaja, kikosi chote kikakimbia. Yeye hakuambiwa aondoke. Akakaa siku tatu. Hakula. Hakuna aliyekuja kupokea lindo. Siku ya nne ofisa alirudi kutafuta begi lake, akamkuta kijana amesimama, midomo imepasuka, anamuuliza neno la siri. Ofisa alikuwa amelisahau. Kidogo ofisa apigwe risasi.

Rafiki yake Koplo Lemi wa Dranya kila akilewa husema, "Medali ile nusu yangu, bwana." Tunacheka. Mlevi yule, mali ya kila mtu ni nusu yake.

Jumanne, tarehe 12 Agosti

Dawa za presha zimeisha. Naenda Koboko mjini, nitarudi kabla ya adhuhuri. Nimemweka lindoni. Neno la siri: chumvi. Mawingu yako mbali.

Jumatano, tarehe 13 Agosti

Siwezi kuandika vizuri.

Mvua ilinikuta mjini. Kijito kilipanda, daraja likapotea ndani ya maji, bodaboda zote zikagoma. Simu ilikufa chaji. Nikajiambia ataingia ndani. Ni mtu mzima, ataona mvua, ataingia. Nikajiambia Ester yupo. Nimelala kwenye baraza la watu nikijiambia hivyo. Na mimi ndiye niliyesugua ile medali.

Nimefika asubuhi. Amesimama. Amesimama bado! Maji yanamtiririka kwenye ndevu, midomo ya kijivu, mpini begani. Ester amekaa mbali kidogo na mwavuli, ana alama ya mpini kwenye mkono, analia.

"Nimejaribu, mama. Nimesema muhogo, nimesema Yesu, nimesema mtama. Nimesema kuku, akaniambia, 'Hilo la juzi, rudi nyuma.' Nikaja na wanaume wawili, akawatawanya. Wewe uliweka neno gani?"

Chumvi. Nilisema chumvi. Akasema, "Pita." Sikuwahi kuupokea mpini. Alianguka kama mti.

Nimemfanya nini mume wangu.

Alhamisi, tarehe 14 Agosti

Koboko walitutuma Arua kwa gari la wagonjwa. Hospitali kubwa. Mapafu yote mawili. Daktari kijana ananiita habuba, yaani bibi, anasema kwa upole kwamba niwaite watoto. Najua maana yake.

Mariamu kaja na tepu ya kupimia bado shingoni. Kasikia yote kwa Ester. Hakunisalimia.

"Umemsimamisha baba yangu kama mbwa wa ghala."

Nikamjibu vibaya. Nikasema mimi nilimweka kama mtu, yeye anataka kumfungia kama kuku. Wagonjwa wote wakageuka. Halafu nikakaa chini, sakafuni. Ana haki. Alipotea mikononi mwangu bila hata kutoka uani.

Hanisogelei.

Ijumaa, tarehe 15 Agosti

Hali mbaya. Homa imemrudisha stoo ya mafuta. Anang'oa dripu, anang'oa hewa ya mtungi, anataka kushuka kitandani arudi lindoni. Mara nne leo. Nilisimama wima, nikasema, "Napokea lindo!" Akanitazama kwa huruma. "Mama, kimbia. Raia wote wameshaondoka. Mimi siwezi, mwenzangu hajafika."

Daktari anasema akiendelea kung'oa hewa hataiona Jumapili. Anasema labda tumfunge mikono kitandani. Mariamu akatazama ile mikono. Makovu ya kamba za kule stoo ya kifungo bado yapo. Akasema, "Hapana." Nilimsikia vizuri. Yeye ndiye aliyesema hapana.

Tumemshika zamu kwa zamu, mimi mkono huu, yeye ule. Ya Rabi, nichukue mimi. Mimi sina medali, hakuna atakayeniulizia.

Jumamosi, tarehe 16 Agosti

Lemi kaja kutoka Dranya. Nilidhani kalewa. Alikuwa mkavu, amenyoa, koti la zamani la jeshi limembana tumbo. Mariamu ndiye aliyempigia.

Alisimama mlangoni, akasikia Khamis akisema mwenzangu hajafika. Akaegemea ukuta.

"Mwenzake nani, Lemi?" nikamuuliza.

"Shemeji, mimi."

"Wewe nini?"

"Zamu ya pili pale stoo ya mafuta iko yangu. Mimi ndiye wa kumpokea. Nasikia mizinga, nakimbia. Miaka yote mimi nasema nusu yangu, nyinyi nacheka."

Nilitaka kumpiga kofi. Mkono ulishainuka. Lakini nilisema, "Basi nenda kampokee. Umechelewa sana, nenda."

Akakaza vifungo. Akatembea kati ya vitanda kama uwanjani, buti hana, ana ndala, lakini aligonga kisigino. Akapiga saluti.

"Simama! Nani huyo?"

"Kuruta Lemi. Nimekuja kupokea lindo."

"Iko neno?"

Miaka hamsini! Ofisa alilisahau. Lemi akainama, akamnong'oneza sikioni. Hakulisahau. Kumbe alitembea nalo siku zote hizo, mlevi yule.

Khamis akamtazama usoni. "Umechelewa."

"Nimechelewa, Sajenti."

"Hakuna kilichopotea. Mapipa yote yapo." Akafungua kiganja, kama anayekabidhi kitu. Lemi akakipokea.

Kisha akalala. Hewa iko usoni, hakuigusa. Wauguzi walikuja kutazama. Lemi akabaki amesimama kando ya kitanda, machozi yanaingia mdomoni.

"Kaa basi," nikamwambia.

"Nani atanipokea mimi, shemeji?"

"Hakuna. Simama hapo mpaka uoze."

Akacheka. Mimi pia. Mariamu alinitazama nikicheka, akanifuta pua kwa kitambaa chake, kama mimi ndiye mtoto.

Jumatano, tarehe 20 Agosti

Homa imeshuka. Amekunywa mchuzi. Ananiita mama, anamwita Mariamu mama, anamwita daktari kuruta. Amekonda, ni mifupa na masikio.

Nimemwambia Mariamu nilichopaswa kumwambia. Kwamba siwezi tena peke yangu. Nilijidai, na kujidai kwangu kulimsimamisha mtu mvuani. Neno langu ni neno langu, nitamleta kwake, na kufuli lake. Nilisema haraka ili nisimeze tena.

Akaendelea kumkata baba yake kucha.

Jumatatu, tarehe 25 Agosti

Tumetoka hospitali. Nyumba ya Mariamu iko njiani kabisa, vumbi na pikipiki. Chumba cha nyuma nimekiona. Kisafi, kitanda kipya, shuka ya maua. Dirisha dogo. Kitasa kwa nje, na kufuli linaning'inia, jipya, bado lina mafuta.

Khamis alifika mlangoni, akaweka mikono kwenye fremu, hakuingia. Hakupiga kelele. Mkojo ukamtoka tu. Sajenti wa medali sita.

Mariamu aliona. Akamshika kiuno, akamgeuza, akamlaza sebuleni.

Sikulala. Nilikuwa nafikiria kumrudisha Kuluba kwa miguu yangu, mgongoni.

Jumapili, tarehe 31 Agosti

Joto. Juzi Mariamu alihamisha cherehani. Ameitoa kwenye mwanga wa dirisha, ameiweka katikati ya mlango wa mbele, mlango wazi. Anashona amekaa pale, mwanga unampiga mgongoni, anakunja macho, analalamika kwamba mshono unapinda. Wateja wanaruka miguu yake kuingia. Nikamwambia utaharibu macho. Akasema, "Ni yangu."

Leo baada ya chakula Khamis aliinuka, akavaa kofia, akaenda mlangoni. Akamwomba njia kwa adabu. Mariamu akakata uzi kwa meno, akaweka pembeni gauni la bibi harusi wa watu, akavaa ndala.

"Tunaenda wapi, Baba?"

"Kuna vijana wangu."

"Haya."

Nimewatazama kutoka hapa nilipokaa. Baba anakwenda polepole, Mariamu nyuma hatua moja, hamshiki. Wamepita duka la chumvi na sabuni. Wamefika kona. Wamesimama pale kidogo, wote wawili wanatazama barabara, kisha wamegeuka kurudi.

Nimeinjika chai.