Zamu Yangu ya Jumatatu

Mpendwa Mwalimu,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mama alinilea hivyo, si kwa sababu moyo umepoa.

Unaikumbuka shule yetu kule Mgeta? Kitabu cha baiolojia kilikuwa kimoja, kimefungiwa kwenye kabati la ofisini kwako. Wasichana tuliingia kwa zamu, tukanakili sura moja, tukatoka na madaftari yetu. Ukaigeuza shida hiyo kuwa somo. "Kiini cha seli ni ofisi hii," ulisema. "DNA ndiyo kitabu, haitoki. Kinachotoka kwenye matundu ya utando ni nakala tu, RNA. Umenielewa, mwanangu?" Nilielewa. Nilikupenda kama baba.

Zamu yangu ya kunakili sura ya kiini ilikuwa Jumatatu. Jumatatu hiyo tukakuta kabati tupu. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali imeruhusu kila mtu kufungua biashara yake, nawe ulikuwa umeshuka Morogoro mjini kufungua tuisheni. Kitabu ukakibeba. Kitabu cha shule, Mwalimu! Ulikuwa na haki ya kuondoka, siyo ya kuondoka nacho.

Kwenye mtihani tukaulizwa vitu vinavyotoka na kuingia kwenye kiini. Vinavyotoka nilivieleza. Vinavyoingia, nikaandika hakuna. Nilifeli, nikapalilia kabichi miaka minne kabla ya kurudia mtihani.

Baadaye nikasoma mwenyewe kwamba protini hutengenezwa nje ya kiini, kisha huingia kwa alama zake, kama vibali, zikisindikizwa kupita matunduni. Hata zile zinazoinakili DNA hutoka nje! Nililia kwa hasira. Sisi tulikuwa tunaingia ofisini kwako kila siku, tunanakili mpaka vidole vinauma, na kwenye mfano wako hukututaja hata mara moja. Na mimi mwenyewe nikaandika hakuna kinachoingia.

Sasa nafundisha darasa lako lile lile. Mwezi uliopita mke wako alipanda huku na kitabu, muhuri wa shule umekwanguliwa. "Mwalimu, marehemu mume wangu alisema kirudi," akaniambia, akainamisha kichwa. Yeye nilimpokea vizuri. Wewe sijakusamehe, nakwambia wazi.

Kabati sifungi. Wasichana wanakibeba kitabu mpaka nyumbani, wanavuka nacho mito na matope, na kila Jumatatu kinarudi.

Pumzika, Mwalimu, kama unaweza.

Mwanafunzi wako, yule wa zamu ya Jumatatu