Dakika Kumi na Tano za Kivuko

Konza,
Jumatano, tarehe 11 Machi.

Nau, baba yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima kutoka hapa Konza, ambako upepo hautulii na vumbi limeshatuzoea. Mimi ni mzima wa mwili. Natumai goti lako limepata nafuu na kwamba unakula, maana Abdisalan ameniambia unakunywa chai ya rangi tu na kusema umeshiba. Mama yangu, Mwaitu, asingekukubalia hilo hata siku moja.

Utashangaa kupata barua, tena ya Kiswahili, wakati sisi wawili huongea Kikamba kwenye simu. Nimeandika kwa sababu ukinikatiza nitanyamaza, kama nilivyonyamaza miezi hii yote. Na nimetumia Kiswahili ili Abdisalan, akiwa mwenyekiti wa kamati ya kivuko, aisome Jumamosi mbele ya watu wote. Lakini wewe isome kwanza. Ni haki yako.

Abdisalan alinipigia juzi. Alisema Muthoka amemwomba anunue mbuzi wake wote, hata yule jike mwenye mimba, kwa sababu anahamia kwa binti yake Athi River. Anasema amechoka kukaa mahali ambapo akipita watu wanaacha kuongea. Abdisalan alikataa kununua, akamsihi angoje kikao cha Jumamosi, mtakapoamua kama jina lake lifutwe kwenye chama cha kivuko.

Nau, unakumbuka tulipofunga kile chombo cha kuonya mafuriko. Ulizunguka soko la Ekalakala ukijigamba kwamba binti yako ameweka mtoni mlinzi asiyekula wala kulala. Nilicheka, nikakuambia kulala analala. Ni kompyuta ndogo, inaenea kwenye kiganja, na inategemea betri moja na paneli ya sola yenye ukubwa wa daftari. Haiwezi kukaa macho kutwa kucha. Kwa hivyo niliiandikia programu ya kulala na kuamka kila dakika moja, ipime maji kule juu kwenye daraja la zamani, kisha ilale tena. Ikiona maji, king'ora kinalia huku kivukoni, na mtu anayevuka mto mkavu kwa miguu ana kama dakika kumi za kutoka mchangani kabla maji hayajafika. Sote tunaujua mto wetu. Unashuka na mvua ya mbali wakati kwetu jua linawaka.

Wewe mwenyewe ndiye uliyemtaja Muthoka awe mtunzaji wake. Ulisema mtu aliyeimba besi kando yako kwayani miaka thelathini bila kukosa mazoezi hawezi kukosa kupangusa paneli.

Halafu ikaja ile Jumanne ya Novemba. King'ora kililia maji yakiwa yameshamchukua Mwaitu pamoja na kikapu chake. Siku moja kabla, watu walikuwa wamemwona Muthoka akibeba betri kwenda nyumbani, na hilo likatosha. Alieleza kwamba alienda kukwangua kutu na akairudisha saa ileile. Hakuna aliyemsikiliza. Kwenye matanga ulimwambia, mimi nikiwa nimesimama nyuma yako, "Umeniulia mke kwa sababu ya kuchaji redio." Naye akakujibu polepole, "Mulwa, niko na makosa mengi. Hiyo si yangu."

Alisema kweli, Nau. Kosa ni langu.

Julai, mawingu yalipokaa siku tisa, betri iliisha mara mbili. Ulinipigia ukanitania kwamba mlinzi wangu amelewa. Nilijua ni utani, lakini uliniuma, kwa sababu nilitaka kisiharibike kitu chochote ambacho umejivunia. Nikaingia kwenye programu kutoka hapa ofisini, kwa laini ya simu, nikabadilisha namba moja. Badala ya kulala dakika moja, ilale dakika kumi na tano. Betri haikuisha tena, ukanisifu. Nilibandika karatasi mezani ya kunikumbusha niirudishe kabla ya mvua. Kisha nikapelekwa kiwandani Athi River kufunga mita, miezi miwili, na niliporudi karatasi ilikuwa chini ya vitu vingine.

Jumanne ile, saa kumi na dakika nne za jioni, chombo kilipima kikakuta mchanga mkavu. Kikalala. Kilipoamka saa kumi na dakika kumi na tisa, maji yalikuwa yamepita zamani. Betri ilikuwa imejaa. Hayo yote yameandikwa ndani yake, na niliyasoma kesho yake asubuhi.

Ndiyo, nilijua kabla hatujamzika. Siku ya mazishi, ninyi mkiimba, nilikuwa nyuma ya jikoni na laptopu juu ya debe, narudisha ile namba. Kisha nikaja nikasimama nyuma yako, nikakuacha umwambie Muthoka maneno yale. Niliogopa usingeniita mwanao tena. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kuna jambo moja zaidi. Chombo huandika pia nguvu ya jua. Kila asubuhi, kati ya saa moja na saa moja na nusu, nguvu hupanda ghafla, kama inavyopanda vumbi likifutwa. Ilipanda hivyo asubuhi ya Jumanne ile. Ufunguo wa sanduku mlimnyang'anya Muthoka, na hamjamchagua mwingine, lakini paneli iko nje. Imepanda hivyo kila siku tangu Novemba. Nilimuuliza Abdisalan, ambaye hunywesha mbuzi hapo. Akasema ni Muthoka, na kitambaa chake, na hamsalimii mtu.

Nitafika Ijumaa. Nitasimama mwenyewe kwenye kikao, na mkitaka kunipeleka kwa chifu nitaenda. Sikuombi unisamehe. Nakuomba usingoje Jumamosi. Ukitaka kumpata Muthoka peke yake, nenda kwenye paneli kabla ya saa moja na nusu.

Nisalimie Abdisalan na watu wa kwake, na unipangusie msalaba wa Mwaitu hadi nije.

Ni mimi, kama bado utaniita mwanao,
Mwongeli.