Jamii Si Jamaa

Mlango wa bluu, nyuma ya karakana ya viti,
Jumatano, tarehe 9 mwezi wa tatu.

Mpendwa mwanangu, mtoto wa marehemu mdogo wangu,

Hujambo? Mgongo umepona au bado ni kisingizio? Mkeo na watoto hawajambo? Mimi ni mzima. Magoti yanalia kila nikiinuka, lakini mdomo hauna ugonjwa. Shule niliiachia darasa la pili, kwa hiyo usicheke mwandiko; soma.

La kwanza: usije. Kama umefunga mzigo, ufungue. Kama umeshamwambia bosi wako unaacha kazi, nenda kamwambie ulikuwa na homa.

Najua ni mimi niliyekuita. Sasa sikiliza sababu, wala usinikatize.

Unajua mpwa wako, huyu mjukuu wangu, ana karakana ya viti vya magurudumu, vya watu wasioweza kutembea. Wengi wa mafundi wake wenyewe wanatembelea viti hivyo. Fundi mkuu ni mwanamke tunayemwita Mama Nati. Anachomelea chuma akiwa amekaa, na mshono wake umenyooka kuliko tabia yako. Kayaanzisha yote hayo msichana wa miaka ishirini na sita. Akili ile hakuiokota njiani. Mama yake nilimzaa mimi.

Juu ya mlango ameandika: BIASHARA KWA AJILI YA JAMII. Nilisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, nikasema mtoto amekumbuka kwao. Tena ndani nikaona watu wamekaa tangu asubuhi hadi jioni. Ndiyo sheria yao: kila kiti kipya lazima mtu akikalie siku nzima kabla hakijatoka. Kazi ya kukaa! Nikaita jamii. Wakaja saba, na mjomba wako Bwana Kesho mbele yao.

Mpwa wako alipowakuta mlangoni alitabasamu kama mtu aliyekanyaga msumari mbele ya wageni. Akanivuta pembeni.

"Bibi," akasema, "jamii si jamaa."

Nikamwuliza tangu lini. Nikamwambia mwacha asili ni mtumwa. Akawapisha waingie, maana nimemlea mimi, na nilivyomlea unajua.

Ijumaa akaja mkaguzi wa hospitali. Hospitali inataka viti arobaini. Asiporidhika, karakana inafungwa, na Mama Nati na wenzake kumi wanarudi kukaa vyumbani kwa ndugu zao wakitazama ukuta. Hayo nilielezwa asubuhi ile ile, na Mama Nati, bila kulainisha neno. Mkaguzi anaingia, anamkuta Bwana Kesho kitini, miguu juu ya meza ya kazi, anakoroma. Akamwamsha, akamwuliza yeye ni fundi wa nini.

"Mimi ni jamii," akajibu mjomba wako, akageukia upande wa pili.

Mwanangu, aibu ile siitamani hata kwa adui. Mpwa wako alinitazama tu, macho yamejaa maji, yeye ambaye hakulia hata siku alipovunjika mkono. Basi nikashika ufagio. Wote saba nikawatoa, Bwana Kesho analalamika kwamba siku yake haijaisha. Nikasema mbele ya watu kwamba kosa ni langu. Likariri hilo, maana sitalirudia.

Nilipochoka nikajitupa kwenye kile kiti. Nikakitukana. Miguu inaning'inia kama ya kuku anayepelekwa sokoni, chuma kinafinya paja. Nikauliza kakipimia nani, twiga? Mkaguzi akasema wagonjwa wake wengi ni wazee wa umbo langu. Mama Nati akaleta utepe, akanipima kama anayenishonea gauni. Kumbe viti vyote hujaribiwa na vijana warefu, tena wenye adabu, hawalalamiki. Na Bwana Kesho alikilalia siku tatu asione kasoro!

Jumatatu kiti kikarudi kimepunguzwa. Nikakikalia hadi jioni, nikatafuta la kusema nikakosa. Jana mkaguzi akatia saini.

Kwa hiyo baki na kazi yako. Mpwa wako amesema jamaa wana nafasi moja tu pale, ya kulalamika, na nimeshaikalia mimi.

Nisalimie mkeo, na watoto, hasa yule mwenye pengo. Msalimie mama mkwe wako, upaze sauti. Mungu akulinde na akuzidishie riziki huko huko uliko.

Ni mimi mama yako mkubwa, nikupendaye hata ninapokukataza kuja.