Wanasema Mimba Imeniharibia Jicho la Rangi

Mshauri wetu mpendwa, naomba msaada wako, na naomba pia usinihukumu kabla hujafika mwisho, maana mwanzo wa habari hii unanipa haki na katikati yake inanivua nguo.

Nina miaka ishirini na tisa, nimeolewa, nina mimba ya miezi sita, ya kwanza, na nafanya kazi kwenye kiwanda cha rangi za nyumba, chumba cha kuoanisha rangi. Watu wengi hawajui kama kazi hiyo ipo, hata mume wangu kabla hajanioa alidhani rangi inatoka kwenye mashine kama maji ya bomba, lakini ukweli ni kwamba mteja anakuja na kipande cha plasta kilichobanduka ukutani, au kifungo cha shati, na siku moja mama mmoja alikuja na kipande cha sega lake lililovunjika, anasema nataka ukuta wangu uwe hivi, na mimi ndiye nakaa dirishani na vibao vyangu, natia tone la nyeusi, tone la njano, napaka, nakausha, natazama, mpaka kibao na kifungo visitofautiane. Nimeifanya miaka sita, na kiwandani hawaniiti jina langu, wananiita Jicho.

Sasa mimba ilipoingia sikumwambia mtu kazini, kwa sababu mwaka jana dada wa mapokezi alitangaza yake kwa furaha, mwezi uliofuata mkataba wake ukaisha na haukurudishwa, na hakuna aliyesema ni kwa sababu ya mimba, lakini hakuna aliyetaja sababu nyingine pia. Nikavaa koti la kazi la saizi kubwa, nikanyamaza. Kliniki ni asubuhi siku za kazi, na hapo ndipo nilipokosea: nilimwomba wifi yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye mimi mwenyewe ndiye niliyemwombea kazi pale, anisainie daftari la mahudhurio na anishikie kazi mpaka saa sita. Akanisainia mara tatu. Mara ya tatu ilikuwa Jumatano, ikaja oda ya haraka ya nyumba ya wageni, ndoo arobaini za kijani hafifu cha kuendelezea korido ambayo nusu ilikwisha pakwa, wifi akaogopa kusema Jicho hayupo, akachanganya mwenyewe, akaandika jina langu kwenye karatasi ya mchanganyo, ndoo zikaondoka. Baada ya wiki mwenye nyumba ya wageni alikuja na picha kwenye simu: korido nusu kijani cha jani changa, nusu kijani cha mgonjwa wa tumbo.

Jina ni langu, nikaitwa kwa meneja. Meneja wetu ni mwanamke, mama wa watoto watatu, hajawahi kunipandishia sauti, na hilo ndilo linalonichanganya. Alinitazama, akalitazama koti, akaniuliza, "Miezi mingapi?"

Nikasema mitano.

Akanivutia kiti. "Sasa naelewa," akasema. "Mimi nilipobeba wa kwanza nilikuwa naona kila kitu kina ukungu. Mimba inaharibu jicho, mwenzangu. Si kosa lako."

Nikamwambia mimi naona vizuri tu.

"Hata mimi nilikuwa nasema hivyo," akanijibu.

Wiki hiyo hiyo nikahamishiwa stoo kubandika lebo kwenye makopo, na nafasi yangu pale dirishani akapewa nani kama si wifi. Na Ijumaa iliyopita meneja akanipa barua iliyokwisha chapwa, inasema mimi mwenyewe nimeomba kuhama kwa sababu za kiafya, na nakubali daraja la chini na mshahara wa daraja hilo, nisaini kabla ya Jumatatu ijayo. Anasema ni kwa faida yangu na ya mtoto, kule stoo hakuna harufu ya thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi za mafuta. Na kweli mshauri, ile harufu ya thina ilikuwa inanitesa, nilikuwa natapika nyuma ya chumba nikifungua bomba ili watu wasisikie, kwa hiyo sijui niseme asante au nilie.

Lakini lile neno la ukungu halikunitoka kichwani. Mimi ni mtu wa kutaka kujua. Nikachukua vibao vya zamani ishirini, vyote vyeupe, ambavyo mtu mwingine ataviona kitu kimoja, nikaandika namba nyuma, na kila asubuhi nyumbani kabla ya chai navivuruga, navipanga kutoka cheupe chenye ubaridi, kinachoelekea bluu, mpaka cheupe chenye joto, kinachoelekea njano, halafu nageuza kuangalia namba. Nimefanya siku kumi na moja. Siku tisa sikukosea, siku mbili nilibadilishana viwili, na moja ya hizo kulikuwa na mawingu. Mume wangu ananitazama anasema, "Mwanangu atazaliwa anauliza nani kahamisha kibao." Ila nilipomwambia nataka kusema ukweli wa ile Jumatano, kicheko kikakatika. "Ukisema ulikuwa kliniki," akasema, "unamfukuzisha dada yangu." Na wifi mwenyewe Jumapili tunakula meza moja, ananipakulia, ananiuliza mgongo unaendeleaje, kuhusu kile kijani hasemi neno.

Sasa nauliza. Sheria inamruhusu meneja kunishusha kwa upole? Kosa langu la daftari linanifutia haki? Nikijitetea kwa kumchoma wifi, nitakaaje kwenye ukoo ule? Na samahani kwa udadisi, ni kweli lile la macho?

Ni mimi, Jicho, kwa sasa wa lebo.

MSHAURI ANAJIBU

Jicho, jibu hili nakutumia kwenye simu yako kabla gazeti halijatoka, maana Jumatatu haingoji gazeti.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu nami lilinikalia kooni. Nimempigia daktari wa macho. Anasema wapo wajawazito wanaoona ukungu kidogo, wengi hawauoni kabisa, na kwa wanaoupata kwa kawaida huisha baada ya kujifungua. Mimba ya kumgeuzia mtu kijani kuwa njano yeye hajaiona. Ila ameniomba nikukaripie kwa niaba yake: siku ukiona ukungu wa ghafla au vimulimuli, au kichwa kikigonga, usikae kupanga vibao. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, inaweza kuwa shinikizo la damu.

Sasa zamu yangu ya kukukaripia. Ulimfanya binti wa watu asaini uongo mara tatu. Usiniambie ni wifi yako na alikubali. Ulimwombea kazi wewe, angekukatalia kwa mdomo gani? Na kinachoniuma zaidi ni kwamba ulidanganya ili uibe kitu ambacho kilikuwa chako. Nimemuuliza mwanasheria wa kazi. Ruhusa ya kwenda kliniki ni haki ya mjamzito, unaiomba mchana kweupe na kadi mkononi. Najua kwa nini uliogopa, yule dada wa mapokezi alikutia hofu na hofu ile ilikuwa na akili. Lakini ona ilikokufikisha: ushahidi wako mzuri kuliko wote, kwamba siku ile hukuwepo, umeufukia mwenyewe.

Kosa la daftari ni kosa, na unaweza kupewa onyo kwa ajili yake. Halifuti haki yako ya uzazi hata chembe. Hayo ni mafaili mawili, usikubali mtu ayafunge kwa kamba moja.

Kuhusu meneja, mimi simwoni kama mtu mbaya. Sheria lakini haipimi sauti, inapima kilichotendeka. Kukukinga na thina ni wajibu wake, na angepaswa kufanya hivyo bila kugusa daraja wala mshahara wako. Kukushusha kwa sababu una mimba ni ubaguzi, hata ukivutiwa kiti chenye mto. Na ile barua inayosema umeomba mwenyewe, jiulize kwa nini anaihitaji. Mtu aliye na uhakika kwamba anafuata sheria haandikii wenzake maombi.

Vile vibao vyako vimenifurahisha, sikufichi, lakini viache nyumbani. Ukivipeleka umekubali kwamba mjamzito lazima afanye mtihani ndipo arudishiwe kazi yake. Je, siku ya mawingu ukikosea?

Fanya hivi. Usisaini. Andika barua fupi leo, useme hukuomba kuhama, unaomba kuondolewa kwenye thina ukiwa kwenye cheo chako, na unaomba sababu za kushushwa kwa maandishi. Baki na nakala. Kisha nenda kwa wifi yako kabla hujaenda kwa mtu mwingine yeyote, mwambie uso kwa uso kwamba Jumatatu utaonyesha kadi ya kliniki yenye mhuri wa ile Jumatano, na mpe nafasi ya kusema yeye kwanza. Akisema mwenyewe anaungama, ukimsemea umemshtaki, na ukoo utakumbuka tofauti hiyo. Mume wako mwambie hivi: anamwonea huruma dada yake, sawa, na mtoto wake je?

Usiingie kwa meneja peke yako. Mchukue mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Wakikataa, nenda ofisi ya kazi, na usingoje ujifungue kwanza, malalamiko yana muda wake na muda ukipita hata mwenye haki hurudi mikono mitupu.

Wiki tano baadaye Jicho ameniandikia tena, nami naweka maneno yake hapa kwa ruhusa yake.

Mshauri, sikusaini. Jumamosi nilimkuta wifi anafua, nikageuza ndoo nikakaa, nikamwambia yote, pamoja na habari ya kadi. Akaendelea kukamua shati moja lile lile mpaka likawa halina tone.

"Wifi," akasema, "kile kijani nakiona hata nikifumba macho. Nilikuwa nangoja uniulize."

"Na mimi nilikuwa nangoja useme."

Tukacheka kidogo, halafu akalia, halafu akauliza, "Watanifukuza?" Nikamwambia sijui, na kweli sikujua.

Jumatatu tuliingia pamoja na mwakilishi wa chama, ambaye ni fundi wa mashine, baba mmoja wa maneno machache. Wifi alizungumza kabla yangu, na hakuruka kitu. Meneja akaichukua kadi, akautazama mhuri kwa muda, akaiweka mezani. "Haya, nimeelewa ya kijani," akasema. "Lakini suala la macho bado."

Nikafungua mkoba nitoe vibao. Ulinikataza, najua, nilikuwa nimevibeba. Fundi akaufunga mkoba kwa kiganja chake, akamwuliza meneja taratibu kabisa, "Mama, na wewe kwa wale watatu, nani alikupima macho?"

Meneja akaisogeza ile kadi kwangu kwa kidole. Kisha akasema, "Wa kwanza hakuna aliyejua. Nilijifunga tumbo mpaka mwezi wa saba." Akaongeza, "Nadhani ule ukungu ulikuwa ni kubanwa na njaa."

Hatukuondoka siku hiyo na jibu, zilipita wiki mbili za barua kwenda na kurudi na makao makuu, na mara moja fundi alilazimika kutaja ofisi ya kazi. Ila nimerudi dirishani, daraja langu lile lile, na barua ya kunihamisha imefutwa kwa barua nyingine. Rangi za mafuta zenye thina zimepelekwa chumba cha pili, mimi nachanganya za maji tu mpaka nitakapotoka likizo ya uzazi na kurudi. Mimi na wifi tumepewa onyo la maandishi kila mmoja, langu nimelistahili. Yeye hataruhusiwa kusaini karatasi ya mchanganyo kwa miezi mitatu, na wa kumfundisha ni mimi, kwa hiyo ananijua sasa kwa ukali ambao mezani hakuwahi kuuona. Mume wangu anasema tukikaa wawili hapa nyumbani tunabishana juu ya rangi ya mapazia mpaka anatoka nje.

Juzi meneja alipita dirishani kwangu, akasimama, akauliza, "Kliniki nyingine lini?"

"Alhamisi."

"Iandike."

Daftari la ruhusa liko mapokezi, limefungwa kwa kamba kwenye msumari. Nikaandika tarehe, nikaandika jina langu lote, na kwenye nafasi ya sababu nikaandika kliniki, kwa herufi kubwa kuliko ilivyohitajika. Nilipogeuka, dada mmoja wa lebo, ambaye nilikaa naye stoo mwezi mzima tukisimuliana kila kitu isipokuwa hilo, alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono mmoja tumboni.

"Ukimaliza," akasema, "naomba hiyo kalamu."