Kigae cha Chungu Chako

Mpendwa Mama Mkubwa,

Mwalimu alitufundisha kuanza barua kwa kuuliza afya. Wewe siwezi kukuuliza. Kwa hiyo naanza na vile vibao ulivyochonga ukiwa msichana huko Elisabethville, kabla mji huo haujaitwa Lubumbashi. Ulivipaka wino, ukachapa samaki na wanawake walioinama shambani. Vibao vilibaki ng'ambo ulipovuka ziwa kuja upande huu. Kwetu Nchelenge zilifika karatasi tatu tu.

Hapa ufukweni Kashikishi ukawa mchoraji wa picha kwenye mitumbwi. Wavuvi walikutania kwamba samaki wako wa rangi ni wanono kuliko wa nyavuni, nawe ukawaambia wavue kwa brashi. Kisha ikaja kamera, na shuka jeupe nyuma ya nyumba, na picha za vitambulisho. Ulisema watu wakikaa mbele ya kamera wanaacha kupumua, ndiyo maana wote wanafanana na marehemu. Unyevu ulipoiharibu kamera, hukulia. Ulichukua jembe ukaenda mtoni kuchimba udongo.

Ufinyanzi ndio kazi uliyonifundisha. Kila mara ulisaga vigae vya vyungu vilivyovunjika, ukavichanganya na udongo mpya. "Saga muzuri, mutoto yangu. Bila ile ya zamani, hii mupya itapasuka mu moto."

Lakini mimi shuleni nilikuwa nasifiwa kwa usafi. Niliona unga ule wa vigae ni uchafu, nikauchekecha nikautupa, nikafinyanga kikombe cha udongo mtupu ili nikushangaze. Nilikiweka motoni karibu na chungu chako kikubwa. Kilipasuka kwa kishindo, na chungu chako kikapasuka nacho. Ulikuwa umekifinyanga mwezi mzima, huku unakohoa.

Nilingoja unipige. Uliinama ukaokota kigae, ukapuliza majivu. "Basi, sasa tuko na ya kusaga."

Hatukusaga. Wiki ya pili tulikuzika.

Mama, mdogo wako, alibeba vigae vyote vya chungu kile akavipanga juu ya kaburi lako, kama inavyofanywa kwetu. Nilimwomba kimoja tu. Alikataa bila kunitazama. "Kitu ya kaburi habarudishake ku nyumba." Nikamweleza yote: unga nilioutupa, kikombe, maneno yako ya mwisho kwangu. Alikuwa hajui kwamba ni mimi niliyekivunja chungu chako. Alitangulia mbele yangu mpaka nyumbani, na kwa siku tatu alinipita uani kama mgeni.

Jana nilirudi kutoka shuleni nikamkuta uani, amekaa mbele ya jiwe lako la kusagia. Kigae kimoja cha kaburini kilikuwa kwenye kitenge chake. Mdogo wako, ambaye hajawahi kushika udongo, alikuwa anasaga huku anakulilia. Nilikaa kando yake, nikashika jiwe upande wa pili.

Kikombe kipya kinakauka kivulini. Jumamosi tutakichoma. Naogopa sana, Mama Mkubwa, lakini safari hii umo ndani yake.

Pumzika.

Mimi mtoto wako, wa mdogo wako